Je, Wajua? Kutoka Kitochi Hadi Kamba ya Kiwandani

Je, wajua kwamba kampuni iliyotuletea kitochi ilianza kazi kwa kusaga miti?

Simu ile ndogo yenye tochi kichwani, ambayo Watanzania waliibatiza kitochi na Wakenya wakaiita mulika mwizi, kwa jina la kiwandani ni Nokia 1100. Ilitoka mwaka 2003, na iliundwa kwa ajili ya nchi kama zetu: vitufe vimefunikwa vumbi lisipenye, mgongo hautelezi kwenye kiganja chenye jasho, betri inakaa siku kadhaa, na tochi ipo ya kukuvusha uani umeme ukikatika. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Simu ya bilioni moja ya kampuni hiyo iliuzwa Nigeria mwaka 2005, nayo ilikuwa kitochi.

Kampuni yenyewe ni kongwe kuliko simu. Mwaka 1865, wakati hata simu ya waya ilikuwa haijavumbuliwa, mhandisi Fredrik Idestam alijenga kinu cha kusagia mbao ziwe rojo la karatasi kando ya maporomoko ya Tammerkoski, mjini Tampere nchini Finland. Kinu chake cha pili alikijenga karibu na mji mdogo wa Nokia, na jina likatoka huko. Mwaka 1967 kampuni iliungana na kiwanda cha mpira na kiwanda cha nyaya, na kwa miaka mingi Wafini waliijua Nokia kwa karatasi za chooni, matairi na mabuti ya kukanyagia matope. Jorma Ollila aliposhika usukani mwaka 1992 ndipo ilipoanza kuachana na mengine yote na kubaki na mawasiliano. Kufikia mwaka 2008, katika kila simu kumi zilizouzwa duniani, karibu nne zilikuwa zake.

Kubadilika kwa namna hiyo, kutoka rojo la miti hadi mnara wa simu, ndiko watafiti wa uongozi wanakokuita kujihuisha kimkakati. Si kubadili nembo wala kupaka ofisi rangi mpya. Ni shirika kubadilisha kile hasa kinacholipa riziki kabla riziki yenyewe haijakauka. Nimezisoma tafiti za jambo hili kwa muda mrefu, na kila ninapozirudia swali moja hunikaa kooni: nani ndani ya shirika hujua kwanza kwamba dunia imegeuka, na je, neno lake humfikia mwenye kuamua?

Nokia ililijibu swali hilo kwa uchungu.

Je, wajua kwamba kampuni inaweza kuangushwa na hofu ya watu wake wenyewe?

iPhone ilipotoka mwaka 2007, Nokia ilikuwa na fedha, wahandisi na jina. Miaka sita baadaye, Septemba 2013, ilikubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu kwa zaidi ya euro bilioni 5. Wengi walisema Wafini walilala. Watafiti wawili, Timo Vuori wa Chuo Kikuu cha Aalto na Quy Huy wa shule ya biashara ya INSEAD, hawakuridhika na jibu hilo. Walifanya mahojiano 76 na wakuu wa kampuni, mameneja wa kati, wahandisi na wataalamu wa nje, na mwaka 2016 wakachapisha walichokikuta.

Walikuta hofu za aina mbili zilizokuwa zikilishana. Wakuu waliogopa nje: washindani, na wawekezaji wanaosubiri hesabu za kila robo mwaka. Kwa hofu hiyo wakawabana walio chini yao watoe simu mpya haraka zaidi. Mameneja wa kati nao hawakuwa na muda wa kumwogopa mshindani wa Marekani, waliogopa ndani. Waliogopa kufokewa mbele ya wenzao, kushushwa cheo, kuonekana watu wasio na ari. Basi mkuu akiuliza kama programu itakuwa tayari kwa tarehe fulani, aliambiwa itakuwa tayari. Wahandisi walijua kwamba Symbian, mfumo uliokuwa ukiendesha simu za Nokia, ulikuwa umezeeka na haukufaa kwa simu ya kugusa kioo. Neno hilo lilikuwa likilainishwa kila lilipopanda ngazi, hata lilipofika juu kabisa likawa karibu habari njema.

Wakuu wenyewe nao walijua kiasi kwamba Symbian imechoka, lakini hawakutaka kulisema hadharani, kwa kuhofia kwamba wateja na wasambazaji wangekimbia kabla mfumo mpya haujawa tayari. Kwa hiyo juu walinyamaza, chini walinyamaza, na katikati ya kimya hicho muda ukaenda.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wale wanaoitaja Nokia kama mfano wa kampuni iliyokufa. Haikufa. Mwaka 2012 Risto Siilasmaa alipata uenyekiti wa bodi, na moja ya mambo aliyoyashikilia ni kwamba habari mbaya inayoletwa mapema ipokewe kama zawadi, na kwamba ukimya ndio wa kutiliwa shaka. Bodi ilianza kujadili njia kadhaa kwa pamoja badala ya kuabudu mpango mmoja. Ikauza simu, ikanunua hisa za Siemens katika kampuni yao ya pamoja ya mitambo ya mtandao, na mwaka 2016 ikaimeza Alcatel-Lucent. Leo Nokia ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mitambo ya minara ya simu duniani. Vuori na Huy walirudi kuichunguza awamu hiyo ya pili pia, na walichokiona tena ni hisia: namna viongozi walivyosaidiana kutuliza woga wao ili waweze kuitazama hali ilivyo.

Je, wajua kwamba mfanyakazi mgumu wa kufundishika ana faida yake?

James March, profesa wa Stanford, aliandika mwaka 1991 makala ambayo hadi leo karibu kila mtafiti wa mambo haya huanzia kwayo. Alitenganisha kazi mbili ambazo kila shirika huzifanya. Nitazieleza kwa lugha ya shamba. Kazi ya kwanza ni kulipalilia shamba ulilonalo: unajua udongo wake, unajua mbegu zake, na mavuno utayaona msimu huuhuu. Ya pili ni kwenda kufyeka pori usilolijua. Huko pengine utakuta rutuba, pengine mawe matupu, na jibu litakuja baada ya miaka. Palizi hulipa mapema na kwa uhakika, kwa hiyo shirika likiachwa lifuate faida ya karibu, palizi itazila siku zote za juma, na panga la kufyekea litaota kutu ukutani. Ajabu ni kwamba kadiri unavyozidi kuwa hodari wa palizi ndivyo unavyozidi kuliacha pori.

Lakini sehemu ya makala hiyo ninayoipenda zaidi huwa haisimuliwi sana. March alitengeneza kwa hesabu za kompyuta shirika la kufikirika. Ndani yake wafanyakazi wanajifunza kutoka kwa kanuni za shirika, na kanuni za shirika zinajifunza kutoka kwa wafanyakazi wenye uelewa mzuri kuliko kanuni hizo. Wafanyakazi wote wanapozimeza kanuni haraka, shirika linaishia na ujuzi mdogo, kwa sababu kila mtu anafikiri kama mwenzake na hakuna tena wa kumfunza mwenzake kitu. Wale wazito, wanaochelewa kukubali kwamba hivi ndivyo tunavyofanya hapa, wanaliachia shirika nafasi ya kujifunza kutoka kwao. Na mgeni aliyeajiriwa jana? Kwa wastani anajua kidogo kuliko mkongwe aliyestaafu. Ila anachokijua ni kipya, wakati anachokijua mkongwe wengine wote wanakijua tayari.

Tangu nilipoisoma hesabu hiyo nimekuwa nikiwatazama kwa jicho jingine wale wanaouliza maswali ya kuudhi kikaoni.

Je, wajua kwamba Intel ilibadili biashara yake kabla wakuu wake hawajaamua kuibadili?

Intel iliundwa mwaka 1968, na kilichoipa jina ni chipu za kumbukumbu za kompyuta. Wakuu wake walijitambulisha hivyo: sisi ni kampuni ya kumbukumbu. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vya Japani vilikuwa vikitengeneza chipu hizo kwa ubora wa juu na bei ya chini, na Intel ilikuwa ikipoteza fedha. Mwaka 1985 Andy Grove alimuuliza Gordon Moore ofisini: kama tungefukuzwa wakaletwa viongozi wapya, hao wangefanya nini? Moore alimjibu kwamba wangeachana na kumbukumbu. Basi wakaamua kutoka nje ya mlango kwa fikra, kisha warudi waifanye kazi hiyo wao wenyewe.

Kisa hicho kimesimuliwa mpaka kimechoka. Robert Burgelman, mtafiti mwingine wa Stanford, alichimba zaidi akakuta jambo la kuvutia kuliko kisa. Kiwandani kulikuwa na kanuni ya kawaida kabisa ya kupanga uzalishaji: bidhaa inayoleta faida kubwa kwa kila sahani ya silikoni ndiyo ipewe nafasi kwanza kwenye mashine. Wapangaji wa uzalishaji na mameneja wa kati waliifuata kanuni hiyo mwezi baada ya mwezi. Kwa kuwa vichakato, ambavyo ni ubongo wa kompyuta, vilikuwa vinalipa kuliko kumbukumbu, mashine zilikuwa zinahamia huko kidogo kidogo. Siku Grove na Moore walipozungumza, kumbukumbu ilikuwa tayari sehemu ndogo ya mauzo. Ghorofani walikuwa wakijadili kama wageuze tanga, na chini mabaharia walikuwa wamekwisha kuligeuza.

Kilichowaokoa ni kwamba kanuni ile ya kiwandani ilipima jambo la kweli, na hakuna mkubwa aliyeshuka kuifuta ili kuilinda heshima ya bidhaa mama.

Wapenzi wa pikipiki watakipenda kinachofuata. Mwaka 1959 Honda ilifungua ofisi Los Angeles. Kihachiro Kawashima na wenzake wachache walitumwa na fedha kidogo, kwa kuwa serikali ya Japani ilibana fedha za kigeni, wakapanga nyumba moja ya dola 80 kwa mwezi, wengine wakilala sakafuni. Walikwenda kuuza pikipiki kubwa, maana waliamini Mmarekani hapandi kitu kidogo. Pikipiki hizo zikaanza kuvuja mafuta na kuharibika klachi, kwa sababu barabara za kule ni ndefu na madereva wanakimbiza kuliko Japani. Wakati huo wao wenyewe walikuwa wakienda kwenye shughuli zao mjini kwa Super Cub, kipikipiki cha sentimita za ujazo 50 ambacho hawakutaka hata kukitangaza wasije wakachekwa. Watu njiani wakawa wanakiulizia. Mnunuzi wa duka kubwa la Sears akapiga simu. Hatimaye, walipobanwa kabisa, wakakubali kukiuza, na soko likawafungukia. Kufikia mwaka 2017 Super Cub zilizotengenezwa duniani zilikuwa zimetimia milioni 100.

Mwaka 1975 ripoti ya washauri iliyoandikwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza iliueleza ushindi wa Honda kama mkakati uliopimwa kwa rula tangu mwanzo: zalisha nyingi, punguza gharama, teka soko. Richard Pascale alikwenda Japani kuzungumza na waliokuwepo, na makala yake ya mwaka 1984 ikaonyesha kwamba rula hiyo haikuwepo. Kulikuwa na mpango ulioshindwa, na watu walioweza kusikia barabara inawaambia nini. Mabishano kati ya pande hizo mbili hayajaisha, na mimi naona kila upande una chake, kwa kuwa Honda isingeuza zile Cub kama isingekuwa tayari na kiwanda cha kuzitengeneza kwa gharama nafuu. Lakini kiwanda hakikumwambia mtu kwamba Wamarekani wanakitaka kipikipiki. Waliosema ni watu wa njiani.

Je, wajua kwamba M-Pesa haikukusudiwa kutuma pesa nyumbani?

Hiki ndicho kisa ninachokionea fahari, kwa sababu waliokibadilisha ni wateja wa kawaida wa Thika na Nairobi. Wazo la mwanzo, lililobebwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, lilikuwa mikopo midogo. Mkopaji wa taasisi ya Faulu angepokea mkopo na kulipa marejesho kwa simu, asilazimike kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Oktoba 2005 Safaricom ilianza majaribio na wateja mia kadhaa.

Wateja walikipokea chombo wakakifanyia yao. Mmoja alimlipia mwenzake marejesho na kudai fedha zake baadaye. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawarushia jamaa zao shamba. Wenye biashara walimwachia wakala mauzo ya siku ili wasilale na fedha dukani. Wapo walioweka fedha sehemu moja ya mji na kuzitoa sehemu nyingine, ili tu wapite njia katikati mfuko ukiwa mtupu. Na upande wa mikopo, ambao ndio uliokuwa sababu ya yote, mambo yalikuwa magumu: hesabu za vikundi hazikuoana vizuri na mfumo mpya.

Ofisini wangeweza kusema wateja wanakitumia vibaya. Wangeweza kuwafundisha upya, wakafunga hizo njia za pembeni na kuandika ripoti kwamba mradi umefikia malengo. Badala yake waliyachukua yale waliyoyaona, wakauweka mkopo kando, na tarehe 6 Machi 2007 huduma ikazinduliwa Kenya kwa ujumbe mmoja tu, kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom ikaianzisha Tanzania. Mkopo ulirudi baadaye kwa mlango mwingine, mwaka 2012, kwa jina la M-Shwari.

Tumezoea kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Visa hivi vinaonyesha mkuu asiyesikia la mdogo akivunjika lake.

Kuhusu Kodak, kampuni ya filamu za picha, nitasema kwa ufupi, maana kisa chake kimesimuliwa kwa makosa mara nyingi. Ni kweli kwamba mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak, aliunda kamera ya kidijitali: mzigo wa karibu kilo 4, picha ya nukta 10,000 tu, na sekunde 23 za kuihifadhi picha moja kwenye kaseti. Si kweli kwamba Kodak ililala moja kwa moja. Mwaka 2005 ilikuwa inaongoza mauzo ya kamera za kidijitali nchini Marekani. Tatizo ni kwamba filamu ilikuwa na faida ambayo kamera za kidijitali zisingeweza kuileta kamwe, na kampuni nzima ilikuwa imejengwa kula faida hiyo. Januari 2012 ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai. Polaroid ilikuwa imetangulia mwaka 2001. Mary Tripsas na Giovanni Gavetti waliichunguza Polaroid wakakuta kwamba maabara zake zilikuwa na ujuzi wa kidijitali wa kutosha. Kilichokosekana ni wakuu kuamini kwamba fedha zinaweza kutoka kwenye kamera yenyewe, baada ya kuzoea miaka yote kuiuza kamera kwa bei nafuu na kuvuna kwenye filamu.

Mpinzani wao wa Japani, Fujifilm, alijiuliza swali la tofauti: ukiiondoa filamu, mikono yetu inajua kufanya nini? Filamu hutengenezwa kwa jelatini inayotokana na kolajeni, ileile iliyomo kwenye ngozi ya binadamu, na inahitaji kemikali za kuzuia rangi zisipauke kwa hewa. Chini ya uongozi wa Shigetaka Komori, ujuzi huo ulizaa vipodozi vya Astalift mwaka 2007. Ujuzi wa kutandaza utando mwembamba ukaenda kwenye vioo vya runinga na kompyuta, na mwaka 2008 ikanunua kampuni ya dawa. Kwa hiyo kuna wanawake wa Tokyo wanaopaka usoni ujuzi uliowahi kuhifadhi picha za harusi za mama zao.

Je, wajua kwamba kubadilika sana nako kunaua?

Lego ilianzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Kristiansen katika kijiji cha Billund, Denmark. Tofali lake la plastiki liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo linashikana barabara na la leo. Ilipoingiwa na wasiwasi wa michezo ya kompyuta, kampuni ilijitupa kila upande: bustani za burudani, nguo, saa, michezo ya video, wanasesere wasiohitaji kujengwa. Wabunifu waliruhusiwa kuongeza vipande vipya kadiri walivyopenda, hadi aina za vipande zikapita 12,000, kila kimoja kikidai kalibu yake ya gharama kubwa. Kufikia mwaka 2003 kampuni ilikuwa inazama kwenye hasara.

Jørgen Vig Knudstorp, aliyekabidhiwa uongozi mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 35, aliuza sehemu kubwa ya hisa za bustani, akapunguza aina za vipande karibu nusu, na kuirudisha kampuni kwenye tofali. Wakati huohuo ilifungua masikio kwa watu wa nje. Huko nyuma, seti ya roboti ya Mindstorms ilipotoka mwaka 1998, wapenzi wake walikuwa wameifungua programu ya ndani na kuiandika upya bila ruhusa. Wanasheria wangeweza kuwashtaki. Kampuni iliamua kuwaachia, na ilipotengeneza Mindstorms mpya ya mwaka 2006 iliwaita baadhi ya wapenzi hao washauriane tangu mwanzo.

Arie de Geus, Mholanzi aliyefanya kazi Shell kwa miaka 38, aliongoza utafiti wa ndani mwaka 1983 kuhusu kampuni kongwe kuliko Shell yenyewe. Walipata 40, wakazichunguza kwa undani 27. Zilikuwa bahili wa fedha, zenye masikio ya kusikia yanayotokea nje, zenye watu wanaojiona ni wa nyumba moja, na zilizowavumilia wanaojaribu mambo pembezoni. Hapakuwa na biashara moja inayodumisha uhai. Kongō Gumi, kampuni ya Japani iliyoanza kujenga mahekalu mwaka 578, ilitengeneza majeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili ili ivuke. Ilibaki mikononi mwa ukoo hadi mwaka 2006, ilipolemewa na madeni yaliyotokana na ununuzi wa ardhi na kumezwa na kampuni kubwa zaidi.

Nimebakiza kamba.

Je, wajua kwamba Toyota ilianza na uzi uliokatika?

Sakichi Toyoda alikuwa mtoto wa seremala aliyekulia penye vitanda vya mfumi. Uzi ukikatika kitambaa kiliendelea kufumwa na kasoro yake, kikaharibika. Yeye na mwanawe Kiichiro walikamilisha mwaka 1924 kitanda cha mfumi kinachojisimamisha chenyewe uzi ukikatika. Mwaka 1929 waliiuzia kampuni ya Kiingereza ya Platt Brothers haki za mashine hiyo kwa pauni 100,000, na mwaka 1937 Kiichiro akaanzisha kampuni ya magari. Wazo la uzi alihama nalo. Katika viwanda vya Toyota kamba ikapitishwa juu ya mstari wa kuunganishia magari, na kila mfanyakazi, hata aliyeajiriwa jana, akiona kasoro anaivuta. Taa inawaka, muziki unalia, kiongozi wa kikundi anakuja. Wasipolitatua kabla gari halijafika kituo kinachofuata, mstari unasimama. Taa hiyo Wajapani huiita andon, jina la taa zao za kale za karatasi.

Mwaka 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California. Siku ya kawaida mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuwa kazini, pombe ilinyweka ndani ya kiwanda, na kuusimamisha mstari lilikuwa kosa ambalo hakuna aliyethubutu kulitenda. Gari lilipita na kasoro, likaenda kurekebishwa nje uwanjani. Mwaka 1984 kiwanda kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi sana kati ya walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale, na chama chao cha wafanyakazi kilekile. Baadhi walipelekwa Japani kufundishwa, na waliporudi walikuta kamba juu ya vichwa vyao. Utoro ukashuka hadi watu wachache tu kati ya mia. Ndani ya miaka michache ubora wa magari yao ulikaribia ule wa kiwanda cha Japani walikofundishwa.

Paul Adler na wenzake wawili walikichunguza kiwanda hicho kwa miaka, wakiitafuta siri iliyowashinda wengi: shirika linawezaje kuwa na utaratibu mkali na wakati huohuo likawa jepesi kubadilika? Vitabu vilifundisha kwamba lazima uchague moja. Walikuta kwamba wakati wa kubadilisha modeli ya gari, wafanyakazi wa mstari walitolewa kazini kwao wakaingizwa kwenye timu ya matayarisho, wakaiunganisha modeli mpya kwanza kwa majaribio, wakaandika wenyewe hatua za kazi, kisha wakarudi kuwafundisha wenzao. Mafunzo yalihitajika, na zaidi ya mafunzo, mfanyakazi alihitaji kuamini kwamba akisema hili haliendi hatageuziwa neno lake.

General Motors ilijaribu kuzipeleka njia hizo kwenye kiwanda chake cha Van Nuys, kusini mwa California hiyohiyo. Mameneja walizihofia, wafanyakazi hawakuziamini, nacho kikafungwa mwaka 1992. NUMMI ilifanya kazi hadi mwaka 2010. Jengo lake la Fremont lipo bado, na siku hizi humo ndani Tesla inaunganisha magari ya umeme.